Kwenye leja mimi ni nusu mhasibu, nusu kibarua: niende Dar au nibaki Dodoma?

Mjomba, shikamoo.

Barua za wenzangu kwenye safu hii huwa nazisoma nikiwa kwenye daladala, leo nimeona niandike yangu. Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka saba na wa pili mitatu. Tunaishi Ilazo, nyumba ya kupanga. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Ana nusu eka ya zabibu Mpunguzi aliyoachiwa na baba yake, basi mali yetu ndiyo hiyo.

Nilisoma uhasibu chuo cha biashara, CBE, hapahapa Dodoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na bado nadaiwa kama milioni mbili na laki tatu. Huu ni mwaka wa sita niko kwenye kampuni ya ujenzi ambayo pia ina duka la vifaa: saruji, nondo, mabati, rangi. Tuko wafanyakazi ishirini na wawili. Barua yangu ya ajira inasema "Mhasibu", lakini asubuhi mimi ndiye keshia, saa nne niko foleni ya benki, mchana nipo Mtumba, kwenye mji wa serikali, kufuatilia malipo ya kazi tulizomaliza tangu mwaka jana, jioni naandaa nyaraka za zabuni. Jumamosi mtunza stoo asipokuja nahesabu mifuko ya saruji, na Jumatatu kibodi ya kompyuta yangu bado ina vumbi lake. Tarehe tano na sita za kila mwezi sitoki kabla ya saa tatu usiku, kwa sababu tarehe saba ni mwisho wa kodi ya mishahara. Saa ya ziada sijawahi kulipwa hata moja. Mwezi wa nne droo ilipungua shilingi 180,000 siku ambayo mimi nilikuwa Mtumba na mtoto wa tajiri ndiye aliyekaa kaunta. Nikakatwa mimi, zote kwa mkupuo, bila karatasi.

Mshahara ulianza 700,000, ukapanda hadi 950,000, hapo umeganda mwaka wa tatu huu.

CPA, ile mitihani ya juu ya taaluma ya uhasibu, nimebakiza masomo mawili ya ngazi ya mwisho. Mei mwaka jana sikufanya kabisa, tajiri alisema zabuni haisubiri mtihani. Novemba nilifanya, ila usiku wa kuamkia mtihani nilitoka ofisini saa nne. Nikafeli yote mawili. Mei mwaka huu sikuwa na moyo wa kulipa ada tena.

Sasa zimenijia njia mbili kwa mpigo. Rafiki niliyesoma naye amenitafutia nafasi Dar kwenye kampuni ya mizigo ya bandarini, ofisi zao ziko Kurasini. Wamenisaili kwa simu na wako tayari kunipa 1,500,000. Halafu kwenye Nane Nane pale Nzuguni nikakutana na mwalimu wangu wa zamani, ambaye siku hizi ana ofisi ya ukaguzi wa hesabu hapa mjini, watu tisa. Akaniambia, njoo kwangu nikupe 850,000 na ruhusa ya mtihani. Nilicheka, Mjomba. Niache 950,000 nikachukue 850,000 na umri huu?

Mume anasema nisikurupuke, niombe serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, ukiingia umeingia. Mama yangu, yuko Kondoa, anasema mwanamke haachi watoto wadogo kwa sababu ya laki tano. Rafiki yangu naye kasema nikiikataa Dar nisimpigie tena simu kulia. Nina wiki mbili za kujibu.

Kuna jambo jingine dogo, sijui kama linahusika. Mwezi uliopita nilikwenda NSSF kuchukua taarifa ya michango yangu. Nachangiwa kwa mshahara wa 400,000. Nilikuwa najua, kwa sababu orodha naiandaa mimi mwenyewe. Tangu mwaka wa kwanza tajiri alinielekeza hivyo: kila mtu aandikwe sehemu tu ya mshahara, kinachobaki alipwe kwa simu, na kwenye vitabu kiingie kama malipo ya vibarua wa saiti. Mimi niko mstari wa kumi na nne. Kila mwezi naandika jina langu, namba yangu ya uanachama, 400,000, halafu nafungua leja ya vibarua naingiza 550,000. Lakini kuiona imechapwa na kugongwa muhuri na watu wengine kulinishtua. Hilo ni kosa langu au la tajiri?

Niende Dar au nibaki?

Mama Wawili, Ilazo

*

Marahaba, mpwa wangu.

Swali la Dar nitalijibu, ila niruhusu nianzie mkiani mwa barua yako, hapo ulipoandika "jambo jingine dogo". Nimekaa na vitabu vya hesabu zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hilo dogo lako ndilo limenifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote za wiki hii.

Hebu tufanye kazi yetu. Wewe unasema unalipwa 950,000, na hiyo namba ndiyo unayoilinganisha na za wenzako. Tuone kinachofika mkononi. Kwenye 400,000 zilizoandikwa, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 40,000. Zinabaki 360,000 za kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, zinazozidi hapo mpaka 520,000 zinatozwa asilimia 8, kwa hiyo kodi yako ya mshahara, PAYE, ni 7,200. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya hizo laki nne, 60,000. Unabaki na 292,800. Ongeza 550,000 za yule kibarua wa saiti mwenye jina lako. Jumla 842,800. Hiyo ndiyo fedha mnayoishi nayo pale Ilazo.

Njoo Dar. Nachukulia kwamba Kurasini wataandika mshahara wote, na kama hawaandiki usiende hata bure. NSSF 150,000. Kodi inahesabiwa kwenye 1,350,000: mpaka milioni moja kamili ni 128,000, na zile 350,000 za juu zinatozwa asilimia 30, ambayo ni 105,000. Jumla 233,000. Bodi ya Mikopo 225,000. Mkononi unabaki na 892,000.

Toa. Ni 49,200.

Nimerudia hesabu hii mara mbili kwa kalamu maana na mimi sikuiamini. Laki tano na nusu za nyongeza uliyoahidiwa zinageuka elfu arobaini na tisa na mia mbili mezani. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 imetufupishia njia, tunashukuru, lakini nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma ni 31,000. Ukija kuwaona watoto mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, ni 124,000. Sijagusa chumba, wala kodi ya miezi sita ya mbele atakayoitaka mwenye nyumba wa Tandika, wala dada wa kukaa na watoto wakati baba yao yuko Chamwino. Mama yako wa Kondoa kasema laki tano, na mimi nimezitafuta hizo laki tano sikuziona.

Usinielewe kwamba Dar wanalipa vibaya. Kilichofanya tofauti iwe ndogo ni kwamba hapo ulipo umekuwa unakula kodi, unakula deni la Bodi ya Mikopo lisilopungua inavyotakiwa, na unakula uzee wako mwenyewe. Mchango wako NSSF, wako na wa mwajiri kwa pamoja, ni 80,000 kwa mwezi. Kwa mshahara ulio kwenye barua yako ungekuwa 190,000. Kila mwezi zinapotea 110,000, na kwa hii miaka mitatu tu ya 950,000 zimeshafika 3,960,000. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, na inapigwa kwa mshahara uliochangiwa, hakuna atakayeuliza tajiri alikuwa anakutumia nini kwenye simu. Fao la uzazi nalo ni hivyohivyo. Mdogo wako ana miaka mitatu. Kama uliwahi kudai, ulilipwa kama mama wa laki nne.

Sasa, kosa la nani? Wajibu wa kukata na kupeleka ni wa mwajiri, hilo halina ubishi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamkamata pia anayetoa taarifa ya uongo huku akijua ni ya uongo, na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba unajua. Kanuni za maadili za taaluma yetu, ambazo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inazisimamia, zinaanza na uadilifu kabla hata ya umahiri. Mhasibu hapaswi jina lake likae kwenye taarifa anayojua ina uongo ndani yake. Na huko kwenye orodha hauko peke yako. Kuna watu ishirini na mmoja wengine, fundi, dereva, mlinzi, ambao hawajawahi kwenda kuchukua taarifa kama wewe.

Nikupe kisa changu nisije nikaonekana nahubiri. Nilikuwa kijana, ofisi moja huko Singida, nikaletewa vocha ya mafuta lita 120 niisaini. Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya jengo, limewekwa juu ya mawe, halina hata betri, kuku wanataga ndani. Mkuu wangu akasema, weka sahihi bwana, ni mambo ya ofisi. Nikaweka. Miaka miwili baadaye mkaguzi alikaa mbele yangu, akageuza ile vocha ikanitazama, akauliza neno moja, "Ya nani?" Mkuu alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine, na maneno yake ya mdomo alihama nayo. Pale mezani palikuwa na sahihi yangu tu. Niliponea chupuchupu, nikapata onyo la maandishi, na lile onyo lilinifuata kwenye kila nafasi niliyoomba kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nakwambia swali lako la kwanza si Dar au Dodoma. Kwanza utoke kwenye mstari wa kumi na nne.

Mwandikie tajiri barua ya ukurasa mmoja, kwa lugha ya heshima, bila vitisho. Mweleze kwamba orodha ya mwezi huu unaomba iandaliwe kwa mishahara iliyo kwenye mikataba, na mwambatanishie hesabu ya itakavyomgharimu: PAYE, NSSF, na zile tozo za mafunzo na fidia anazopaswa kulipia mishahara hiyo. Mwonyeshe na upande wa pili. Leja ya vibarua isiyo na majina ndiyo ya kwanza mkaguzi wa TRA anaifungua, hasa kwa mkandarasi. Kurekebisha ritani, yaani taarifa za kodi, kwa hiari kabla hujafuatwa ni nafuu kuliko kufuatwa. Nakala ya barua ikae kwako. Akikubali, umewaokoa watu ishirini na wawili. Akikataa, na nadhani atakataa, una karatasi yenye tarehe inayoonyesha ulisema.

Usibebe mafaili ya kampuni kwenda nayo nyumbani. Najua kishawishi kipo, na najua kuna watu watakushauri ukopi kila kitu kwenye flashi. Siri za mwajiri bado ni siri. Cha kwako ni cha kwako: barua ya ajira, hati zako za mshahara, taarifa yako ya NSSF, na kumbukumbu za simu yako zinazoonyesha zile 550,000 zikiingia kila mwezi. Hizo zitoshe. Na kabla hujaenda NSSF kudai tofauti, kaa na wakili hata kwa saa moja, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni nani aliyeandaa orodha, na hilo jibu usilitoe ukiwa umesimama kwenye foleni.

Haya, turudi kwa mwalimu wako wa zamani uliyemcheka.

850,000 zikiandikwa zote: NSSF 85,000, kodi 69,250, Bodi ya Mikopo 127,500. Mkononi 568,250. Sikufichi, ni 274,550 chini ya unazoshika leo. Kwenye nyumba ya mwalimu na mhasibu hilo ni pengo la kuliona kwenye sufuria. Hata hivyo mimi ningechagua huko, nikiwa na masharti.

Angalia kwa nini Kurasini wamekupa milioni moja na nusu na si mbili na nusu. Kwa sababu una CPA nusu, na CPA nusu haina bei. Masomo mengine yote uliyofaulu ukibakiza mawili, mwajiri anakuona sawa na ambaye hakuanza. Ukimaliza mawili hayo, tena ukasajiliwa, maana kufaulu na kusajiliwa ni vitu viwili na wengi wanaishia cha kwanza, unakuwa na kitu kinachohama nawe. Usajili unataka uzoefu wa vitendo wa miaka mitatu, na ni vizuri huo uzoefu wako usemewe na mhasibu aliyesajiliwa, anayejua usuluhisho wa benki ni nini. Tajiri wako anajua bei ya nondo. Akiandika barua ya kukusifu ataandika kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu, na hapo atakuwa amemaliza.

Kwenye ofisi ya ukaguzi, mwaka mmoja utaona vitabu vya shule, hospitali, SACCOS, kiwanda cha alizeti, mkandarasi kama huyo wako. Miaka sita umeona vitabu vya mtu mmoja, na nusu yake ulikuwa unahesabu saruji. Ukishasajiliwa, ile Dar ya leo itakupigia simu yenyewe. Hata nje: bodi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, kwa hiyo Kigali au Nairobi haitakuwa ndoto ya kwenye kanga.

Ila usiingie kwa macho ya mapenzi. Ofisi ndogo za ukaguzi zinachosha. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, kwa hiyo kuanzia Januari mpaka Juni utalala gesti za Manyoni, Mpwapwa na Kiteto ukihesabu vocha kwa mwanga wa simu. Na katikati ya msimu huo ndipo mtihani wa Mei unapoangukia. Watoto wako ni wadogo. Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wako na mambo haya kabla hujamwitikia. Kwanza, likizo ya mtihani iandikwe, idadi ya siku kwa kila msimu, kabla ya mtihani na si siku ya mtihani tu. Pili, posho ya safari iandikwe kiasi chake kwa usiku mmoja. Tatu, omba 950,000. Akikupa, mkononi unapata 620,750, na pengo linashuka hadi 222,050. Mwalimu anayemfuata mwanafunzi wake mpaka viwanja vya Nane Nane ana nafasi ya kuongeza laki moja, jaribu.

Halafu kuna hili la deni la chuo, ambalo watu hawalioni kama njia ya kutokea. Kwa 60,000 unazokatwa sasa, hizo milioni mbili na laki tatu zitakuchukua zaidi ya miaka mitatu. Kwa 127,500, ni miezi kumi na minane na kidogo. Siku linapoisha, mshahara wako umejiongeza wenyewe bila kumwomba mtu, 850,000 ileile inakuletea 695,750. Hiyo miezi kumi na minane ndiyo ya kufunga mkanda. Ongea na mwenzio kwa namba hizi hizi, mkae na karatasi, siyo kwa maneno ya "tutajibana". Zabibu za Mpunguzi zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nazo bei yake inategemea siku mnunuzi aliyoamkia. Ziwekeni kwenye ada za shule, msizihesabu kama mshahara. Na usidanganyike kujaza pengo kwa kufunga vitabu vya wafanyabiashara wa mtaani jioni na kuwasainia hesabu. Kabla ya kuwa na leseni ya kutoa huduma kwa umma, hiyo nayo ni vocha ya mafuta.

Kama baada ya haya yote moyo uko Dar, basi warudishie namba. Kwa milioni mbili ungeshika 1,132,000, hapo angalau tofauti inalipa nauli na chumba. Waulize pia kama watachangia gharama za kuhama. Wakisema milioni moja na nusu ndiyo mwisho, mshukuru rafiki yako vizuri. Atakupigia tu.

Mume wako hajakosea kuhusu serikalini, ila amekosea kuifanya iwe badala ya mambo mengine. Jaza taarifa zako kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira leo, umri unaruhusu, nafasi nyingi zinaishia miaka 45. Soma matangazo yao kwa makini: Afisa Hesabu ni nafasi moja, Mhasibu ni nyingine, na hiyo ya pili huwa inataka CPA. Tumerudi palepale.

Kuhusu saa za ziada na zile 180,000 nitakuwa mfupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, ziada isizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Kumkata mtu kwa hasara kunataka taarifa ya maandishi, nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira. Kwa hiyo ulionewa. Lakini mgogoro usio wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na toka mwezi wa nne zimeshapita. Utalazimika kuomba kusikilizwa nje ya muda. Mimi kwa 180,000 nisingeenda. Ningeiweka kwenye barua ya kuondoka, mstari mmoja, nione kama ataona haya.

Hiyo barua ya kuondoka inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Dai likizo ambayo hukuichukua ilipwe, dai na cheti cha utumishi, ni haki yako hata mkiachana kwa ugomvi. Halafu makabidhiano. Hapa ndipo wahasibu wengi wanaponaswa wakiwa wameshaondoka. Andika orodha: funguo za droo na kasiki, vitabu vya hundi, mashine ya risiti ya EFD, nywila za benki na za mfumo wa TRA, salio la keshi lililohesabiwa mbele ya mtu. Asaini anayepokea, usaini wewe, kila mmoja abaki na nakala. Kama jina lako ndilo linalotumika kuwasilisha ritani za kampuni, hakikisha limeondolewa kabla ya tarehe saba inayofuata. Nimeona mtu ameondoka kazini Machi, na ritani za Aprili, Mei na Juni zikaendelea kupelekwa kwa jina lake.

Mtihani wa Novemba bado unauwahi. Makao makuu ya Bodi ya Wahasibu yako hapahapa Tambukareli, kutoka Ilazo hata bajaji haifiki mbali. Nenda wiki hii ukaulize mwisho wa kujisajili na ada ya masomo mawili. Na mwalimu wako akikupa barua ya ajira, anza kusoma kipengele cha likizo ya mtihani kabla ya mstari wa mshahara. Kisipokuwepo, irudishe aiandike upya, na notisi ya siku 28 usiipeleke kwa tajiri mpaka barua ya mwalimu iwe mkononi mwako ikiwa imesainiwa.

Mjomba